Misumari Miwili kwenye Baraza la Mwalimu

Wiki tatu baada ya kumzika Njeru kwao Mbeere, mjane wake alinipigia simu asubuhi nikiwa nakunywa uji. "Kirimi, watoto wanataka kubomoa baraza wamwage simiti," Kagwiria alisema, bila hata kuniuliza nimeamkaje. "Mimi nataka litengenezwe. Tumebishana mpaka tumechoka. Nimewaambia wewe ndiye utakayeamua, na wamekubali." Nikamwambia mafundi vijana wamejaa pale Kiirua, wenye misumeno ya umeme na magoti yasiyolia. "Sitaki kijana," akasema. "Nakutaka wewe." Jamani! Mzee mzima nimepita miaka sabini, mke wangu yuko jikoni ananisikia, na bado sauti ile ikisema nakutaka wewe moyo unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Halafu nikakumbuka ni baraza gani tunalolizungumzia, na kuna nini kwenye ile kona ya upande wa tangi la maji. Uji ukanishinda, nikamwaga uliobaki.

Sitakusimulia nilizaliwa wapi wala babangu alikuwa nani. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na minne, na karakana ya mabati kando ya barabara ya Nanyuki. Nyuma ya karakana nilikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na kuta nilizobandika magazeti kuzuia upepo wa mlimani. Mwaka huo watu wa kahawa kule Imenti walikuwa wakiangusha nyumba za mbao na kujenga za mawe, na kila mtu Kiirua alianza kuiona mbao kuwa kitu cha maskini. Basi kazi zilikuwa chache, na mimi nilikuwa mkali kama siafu. Ndipo akatokea Njeru, amebeba msumeno uliofungwa kwa gunia, chupa ya asali ya kwao na ndengu kwenye kitambaa. Alisema ametoka Mbeere, kule chini ya Embu kwenye joto, na kwamba ukame umewamaliza. Nilimpa nusu ya kitanda na nusu ya meza ya kazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Mimi mwenyeji sikupona.

Kwanza ilikuwa chakula. Miaka miwili nilikuwa nimejipikia githeri isiyoiva vizuri nikiamini ndivyo maharagwe yalivyo. Njeru akapika ndengu zake na kitunguu kimoja, na majirani wakaanza kupita karakanani saa za chakula wakijifanya wanauliza bei ya stuli. Baada ya mwezi mmoja wakaacha kuniita mimi. "Yule fundi wa Embu yuko?" Nimesimama hapo na randa mkononi, mwenye karakana, na mtu ananiangalia kama nguzo ya mlango! Njeru mwenyewe hakuwa na makuu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ningepata wapi sababu ya kumchukia? Alikuwa akiniita "mwenyeji wangu". Asubuhi alinichotea maji ya kunawa kabla yake. Nikilala namsikia akikoroma taratibu, na hata kukoroma kwake nilikuonea wivu, kwa sababu kulikuwa kwa mtu asiye na deni la moyo.

Lakini kidonda chenyewe kilikuwa Kagwiria. Alikuwa karani kwenye ushirika wa pareto, binti pekee wa Mwalimu, na nilikuwa nimempenda miaka miwili bila kumwambia neno la maana zaidi ya "mvua itanyesha leo". Nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimemwomba baba mdogo aniandalie ncoolo, lile fungu la miraa teule linalofungwa kwa majani ya mgomba, ambalo kwetu Meru wazazi wa msichana wakilipokea basi jambo limeanza. Shida ni kwamba Mwalimu alikuwa mlokole wa kweli, na miraa haikuwahi kuvuka lango lake. Kwa hiyo nilisema acha kwanza nimwonyeshe kazi yangu, anipende kama fundi, halafu tutaona la miraa. Na kazi yenyewe nilishaiona tangu zamani. Lilikuwa baraza lake.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya mbao, ilijengwa na mzungu mmoja mkulima wa ngano, na uhuru ulipokuja akaiuza akaenda zake. Mbele ilikuwa na baraza pana la mbao, limeinuliwa kwa nguzo kiasi cha mtu kupita chini kwa magoti, linatazama mlima. Lilikuwa limechoka. Ukikanyaga linalia, mbao zingine zimepinda, na kwenye ngazi kulikuwa na tundu ambalo kuku walichungulia kupitia kwalo. Mwalimu alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na ibada ya shukrani ingefanyika pale nyumbani. Kanisa zima lingekuja, na kwaya ya akina mama ingesimama juu ya baraza. Basi akatuita, mimi na Njeru, Jumamosi moja, tulipime tumwambie: libomolewe lijengwe upya, au litengenezwe?

Mimi nilisema libomolewe. Nilisema hivyo hata kabla sijafungua begi la vifaa, kwa sababu baraza jipya ni kazi ya miezi miwili, na miezi miwili ni chai nyingi mkononi mwa Kagwiria. Njeru alilala chali chini ya baraza, akatambaa kutoka nguzo moja hadi nyingine akigonga kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Alitoka nywele zimejaa buibui. "Mwalimu, hili baraza bado lina nguvu," akasema. "Mbao za juu kumi na kitu zimekufa. Lakini mifupa yake ni mizima. Hakuna mchwa hata mmoja. Kubomoa ni kutupa mali." Mwalimu akasema tuingie tule kwanza, uamuzi haufanywi na tumbo tupu.

Walikula mukimo na kuku, nami nikasema naenda kunawa. Kumbe nilitaka kutafuta kosa. Na hapa lazima nikueleze jambo la ufundi wetu. Sisi watu wa juu adui yetu ni mvua, na mvua huozesha mbao kuanzia juu. Njeru alikotoka adui ni mchwa, naye huja kutoka ardhini. Kwa hiyo mtu wa Mbeere hutazama chini, na mtu wa Kiirua hutazama juu. Pale baraza linapokutana na ukuta kulikuwa na ukanda wa bati wa kuzuia maji, na chini yake boriti ndefu iliyobeba upande mzima. Kwenye kona ya tangi niling'oa misumari miwili yenye kutu, nikainua bati, nikachoma boriti kwa bisibisi. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Kwa chini boriti ile ilikuwa nzima, imara, inadanganya. Kwa juu ilikuwa imeoza kama ndizi.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Wakati huo furaha yangu haikuwa na ubaya wowote, nilikuwa nimeshinda tu. Nikageuka kwenda kuwaita, na dirisha la chumba cha kulia lilikuwa wazi. Nikamsikia mama yake Kagwiria: "Ai, huyu wa Embu ana macho. Kirimi ni fundi wa mikono, lakini huyu ni fundi wa kichwa." Mwalimu akaguna kukubali. Halafu Kagwiria akacheka. Sijui alichekea nini, pengine Njeru alikuwa na utando wa buibui kwenye sikio. Lakini mimi niliusikia ule mcheko kama mlango unaofungwa. Nikarudisha bati. Misumari ile ya zamani ilikuwa imevunjika, nikachukua miwili mipya mfukoni, nikaigonga. Hakuna aliyeshtuka, siku nzima ilikuwa ya kugongagonga. Nikaingia, nikakaa, nikachukua kipande changu cha kuku nikasema: "Nimeangalia tena. Njeru yuko sawa. Litengenezwe, na afanye yeye, mimi nina meza za Ruiri za kumaliza."

Wakanisifu! Mwalimu alisema ni vijana wachache wanaoweza kukubali wamekosea. Mama akaniongezea mukimo. Njeru akaniangalia kwa furaha ya kweli akasema, "Asante, mwenyeji wangu." Nami nikatafuna nikijua kabisa ninafanya nini. Nilitaka baraza lishuke siku ya ibada mbele ya kanisa zima, na watu waseme, tazama kazi ya yule wa Embu. Kwamba juu ya baraza kutakuwa na watu, hilo nilikuwa najiambia kwamba kimo si kirefu, atateguka mtu mguu labda. Wivu una hesabu zake, na siku zote jibu linatoka kama unavyotaka.

Njeru alifanya kazi ile wiki tatu. Aling'oa mbao mbovu, akaweka za saiprasi, na chini kote akapaka oili chafu ya magari, desturi ya kwao ya kufukuza mchwa, mpaka chumba chetu kikanuka gereji. Jioni alinieleza kila kitu alichofanya, tukila ndengu, nami nilikuwa nangoja aitaje ile kona. Hakuitaja. Jumamosi ya mwisho nilipeleka meza Ruiri, nikarudi mapema, nikapitia kwa Mwalimu. Nikawakuta wanatoka chini ya baraza wakitambaa, Njeru mbele na Kagwiria nyuma, mavumbi mpaka kwenye kope, oili kwenye shavu la msichana, wanacheka. Wazee walikuwa sokoni. Nikauliza mnafanya nini huko chini? Kagwiria akamtazama Njeru. "Tulikuwa tunatafuta mayai," Njeru akasema. "Kuna kuku anataga huku."

Mayai! Nilirudi karakanani nikakata mbao nzuri ya muuru vipande vipande bila sababu, mbao niliyokuwa nimeiweka miaka miwili ya kutengenezea kitanda changu cha ndoa. Usiku nililala nimempa mgongo. Kama nilikuwa na wasiwasi wowote kuhusu ile boriti, wasiwasi uliishia hapo. Siku iliyofuata baada ya kanisa nilipita nikaangalia kona ya tangi kwa jicho la pembeni. Bati lilikuwa palepale na misumari yangu miwili inang'aa. Nikasema sawa, na iwe.

Ikafika siku ya ibada. Hema lilikuwa uani, wazee kwenye viti vya kanisa, mchungaji kwenye ngazi. Baraza lilikuwa limepigwa rangi ya kijani na kila aliyepita alimpa Njeru mkono. Halafu kwaya ikapanda, akina mama ishirini na zaidi, wengi wao wenye miili ya watu waliokula vizuri, na wakajipanga. Kagwiria hakuwa mwanakwaya wa kila siku, lakini siku hiyo alikuwa anaimba kwa ajili ya babake. Wakamsukuma, msogee, msogee, mpaka akafika mwisho wa mstari, kwenye kona ya tangi.

Unajua kwaya za kwetu. Hawaimbi wamesimama kama miti. Walipofika kwenye pambio wakaanza kukanyaga, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, na baraza likawa ngoma. Nikasimama, nikapita katikati ya viti hadi chini ya kona, nikaita kwa sauti ya chini, "Kagwiria! Shuka kidogo, nina neno." Akanitazama kutoka juu akiendelea kuimba, akatikisa kichwa. "Kagwiria, tafadhali!" Watu wakaanza kutabasamu, wakadhani Kirimi leo ameshikwa na mapenzi mbele ya mchungaji. Neno lilikuwa moja tu, boriti, na nililimeza. Kulisema kungekuwa kusema nilijua. Nilisimama pale mikono nimeikinga mbele, eti nitamdaka, wakaimba beti nne, na baraza halikutikisika hata unywele. Nikarudi kukaa, nikamshukuru Mungu, halafu, na hili nalisema kwa aibu, dakika mbili baadaye nikaona Njeru anashangiliwa nikasikitika kwamba halikuanguka.

Mwaka uliofuata wazee wa Mbeere walikuja na mitungi ya asali, na Mwalimu ambaye asingegusa jani la miraa aliipokea asali kwa mikono miwili. Ncoolo yangu haikufungwa kamwe. Wakaoana, wakabaki palepale kwa wazee kwa kuwa Kagwiria alikuwa peke yake, na mimi nikahamia Kianjai nikaoa mwanamke mwema ambaye hastahili kusoma ukurasa huu. Lakini Njeru hakuniachia. Kila Krismasi alituma mtu: mwenyeji wangu aje tule. Ningekataaje? Kila mwaka nilikwenda, na kila mwaka Kagwiria alitoa viti barazani na changu akakiweka kwenye kona ya tangi. Nikawa nasema jua linaniumiza macho, nakisogeza. Mwaka mwingine nasema upepo. Nilikunywa chai miaka arobaini na zaidi nimekaza makalio, nikihesabu watoto wao wanaokimbia juu ya boriti iliyooza. Sikuwahi kusema neno, wala sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuinua lile bati.

Sasa alikuwa ameniita niliinue. Nilifika saa nne asubuhi. Kijana wao mkubwa alikuwepo na picha za simiti kwenye simu yake, ana heshima, "Mzee Kirimi, wewe sema tu ukweli, sisi tutafuata." Nikamwomba anipishe. Nilipitia mbao zote kwanza, polepole, nikijichelewesha. Nyingi zimekwisha, lakini za kubadilisha. Mwishowe nikapiga magoti kwenye kona ya tangi. Bati lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi, lakini nilikwangua, nikaiona misumari yangu miwili, ina kutu sasa, mahali palepale nilipoigonga. Nikaing'oa kwa koleo. Nikainua bati, nikachoma kwa bisibisi kwa nguvu zote za miaka yote ile.

Haikuingia. Bisibisi iliteleza ikanikwaruza kidole. Nikakwangua oili nyeusi, na harufu ikanijia ya mtarakwa, mbao isiyooza. Kipande cha urefu wa mkono na nusu, kimeungwa kwenye boriti ya zamani kwa kiungo kizuri ambacho hata leo sina uhakika ningekiweza. Kumbe hiki ndicho walichokuwa wakikifanya siku ile ya mayai. Nikakaa chini kwenye mbao, kidole kinatoka damu, na kwanza kabisa nilichosikia si faraja. Nilisikia wivu uleule. Amekufa, amezikwa, na bado amenishinda!

Kagwiria alikuwa amesimama mlangoni, kanga ya matanga mabegani. "Umeiona," akasema. "Njeru alikuwa anawaambia watu, usipokuwepo, kwamba ni wewe uliyemwonyesha ile boriti. Mwalimu alikufa akijua hivyo. Ndiyo sababu hakuruhusu fundi mwingine ila nyinyi wawili aguse hapa."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha. "Sikumwonyesha," nikasema.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mimi ndiye niliyeshika kile kipande akikipigilia, Kirimi. Kwanza tulikuwa juu hapa. Aliona misumari miwili mipya kwenye bati la zamani. Akainua, akaona tundu la bisibisi. Alikaa chini hivyo ulivyokaa wewe. Akasema misumari hiyo ni ya pakiti iliyokuwa chumbani kwenu. Mimi nilitaka niende nikakuitie watu. Haki ningekuumbua soko zima. Akanishika mkono. Akasema, alinipa nusu ya kitanda chake. Akasema mtu akijua kwamba unajua, hatakuja tena kula kwako. Kisha akairudisha ile misumari yako kwenye matundu yake, asikutie hofu."

Nilimwuliza kama ndiyo siku aliyompenda. Swali la kijinga, la kijana. "Ndiyo siku hiyo," akasema, bila kunionea huruma.

"Na wewe ukanisamehe?"

"Nani, mimi?" Kagwiria akacheka, mcheko uleule wa dirishani. "Njeru alikusamehe. Mimi nilikuwa nakuwekea kiti hapo konani kila Krismasi. Kila mwaka unasogeza, jua, upepo, sijui nini. Njeru alikuwa ananikataza nikiwa jikoni, mwache mwenyeji wangu. Nikamwambia siku atakayoacha kusogeza, na mimi nitaacha kukiweka."

Kijana akarudi na simu yake mkononi, akauliza, "Haya Mzee, tubomoe au tutengeneze?" Nikamwambia litengenezwe. Nikamwambia mifupa yake ni mizima, babake alisema hivyo zamani na alikuwa sawa, na kwamba nitaanza Jumatatu kama atanisaidia kubeba mbao. Misumari miwili nikaitia mfukoni. Kagwiria aliingia ndani, akatoka na kiti na kikombe cha chai. Kiti akakiweka konani. Jua lilikuwa linapiga pale moja kwa moja, la saa sita, linaumiza macho kweli kweli. Nikakaa, nikanywa chai yangu mpaka ikaisha.